Kabari Iwe Ndani

9 Januari

Bwana Mdogo,

Simu yako imeita mara sita leo na sijaipokea, wala sitaipokea. Kuanzia sasa ukitaka kuongea na mimi, andika. Weka barua kwenye basi kama nilivyoiweka hii, mimi nitaifuata ofisi ya vifurushi. Na usijifanye hujui kwa nini.

Jana alikuja mama mmoja mchangamfu, hajawahi kukanyaga hapa dukani. Kabla hata hajaketi ananiambia, "Wewe ndiye yule dada anayesema mdogo wake hajui kushika nyundo? Nimecheka mpaka basi." Akatoa simu akanichezea. Kipindi cha tatu cha hiyo podikasti yako, "Nyayo za Mzee". Ni mimi, Jumapili ile uliponipigia, nikidhani naongea na mdogo wangu. Nimelia humo kwa ajili ya Mzee. Nimesema duka linakwenda mrama, kwamba mwezi mzima nimeshona jozi tatu. Nimepiga chafya. Yote umeyarusha, na mimi nasikilizishwa na mteja.

Nilipokuachia lile kasha la kaseti za Mzee baada ya msiba wake, ulisema unakwenda kuziingiza kwenye kompyuta zisije zikaoza. Nikaona ni jambo jema. Mzee hakujua kuandika, kaseti zile ndizo zilikuwa daftari lake: mtu anakaa kitini, anavua viatu, Mzee anabonyeza redio ya kaseti irekodi, anampima huku anataja vipimo kwa sauti, na mtu anaongea mpaka anachoka. Kila mteja kaseti yake na namba yake, jina hakuna. Podikasti ulikuja kunitajia baadaye, na ukasema ni ya kutangaza duka. Nikakubali. Kunirekodi mimi sikukubali.

Barua haina kinasa sauti. Tuandikiane.

Dada yako


16 Januari

Dada,

Shikamoo. Nimekosa, nisamehe. Nimesoma barua yako nimesimama palepale kaunta ya vifurushi, na nimeona aibu ya kweli. Lakini nawe kubali kidogo: kipindi kile kimesikilizwa mara nne zaidi ya viwili vya kwanza, na sababu ni wewe. Yule mama mchangamfu asingefika dukani bila kile kilio chako. Aliagiza viatu au hakuagiza? Niambie ukweli.

Ngoja nikueleze ninavyolipanga hili jambo, maana najua unaona nacheza. Podikasti ya biashara siyo soga. Kila kipindi lazima kiwe na kazi yake, kama kila mshono una kazi yake. Kuna cha kuwafanya watu watujue, kuna cha kuwafanya watuamini, halafu ndipo wanakuja kununua wenyewe bila kuvutwa shati. Tulishapata wa kutujua. Sasa tunataka watuamini, na mtu haamini fundi anapojisifu, anaamini mteja anaposema.

Kuna kampuni ya dawa ya viatu inataka kutudhamini. Wamesikiliza, wamependa, ila wamesema wanataka kusikia wateja wenyewe. Dada, wateja ninao, wamejaa kwenye kasha. Kaseti ya namba arobaini na moja Mzee anacheka mpaka anakohoa. Wewe ulishawahi kumsikia akicheka hivyo na mtu? Mimi nimekaa chini nikalia. Nipe ruhusa niitumie hiyo moja tu. Jina sitataja, na jina lenyewe halimo.

Duka likifa nitajilaumu mimi niliyeondoka, sitakulaumu wewe uliyebaki. Nisaidie nilisaidie.

Mdogo wako


24 Januari

Bwana Mdogo,

Marahaba. Ndiyo, aliagiza. Jozi mbili. Usianze kuvimba kichwa.

Namba arobaini na moja ni Bi Kipaza, yule anayetangaza mabasi pale stendi. Sikutaka kukujibu kabla sijamwona, kwa hiyo Alhamisi nilifunga duka saa nne nikaenda. Nilimkuta kwenye kibanda chake cha vioo, ameshika kile kipaza sauti chake, anaita abiria wa basi la saa tano kama anaita wanawe waje kula. Nikamsubiri amalize. Nikamwambia mdogo wangu ana kipindi, kuna kaseti ya zamani wewe na Mzee mnacheka, je, tunaweza kuwasikilizisha watu kile kicheko? Akaweka mkono kifuani. Akasema, "Kicheko cha Mzee? Kiweke, mwanangu. Watu wamsikie alivyokuwa." Hakuuliza hata swali moja. Miaka ishirini iliyopita, nani anakumbuka alichosema siku anapimwa viatu?

Sasa nisikilize vizuri. Kicheko tu. Kilichotangulia kata, kilichofuata kata. Mji mzima unaijua sauti ya Bi Kipaza, na hakuna mtu hata mmoja anayejua kwamba mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa vidole viwili. Anapita sokoni wima. Hiyo ndiyo kazi yetu, kabari ya kuinua mguu inakaa ndani ya kiatu, kwa nje viatu vyote viwili vinafanana, na mtu anakwenda zake. Watu hawatulipi kwa ngozi, wanatulipa kwa kunyamaza kwetu. Wewe, kuliko mtu yeyote, hukustahili kukumbushwa hilo.

Viatu vyako vya mwaka huu nimevifunga pamoja na barua hii. Kabari nimeiongeza unene kidogo kwa sababu ulisema nyonga inakuuma. Vivae ndani siku tatu kwanza kabla hujatoka navyo.

Dada yako


10 Februari

Dada,

Shikamoo, na kaa chini kwanza usije ukaanguka. Kipindi cha nne kimetoka Jumamosi na hadi leo asubuhi kimesikilizwa kuliko vyote vitatu ukivijumlisha, halafu ukavirudia. Kampuni ya dawa ya viatu wamesaini. Miezi minne. Wameniambia kwa maneno yao, "Ile sauti ya yule mama inamshika mtu." Wametaka tangazo lao likae mwanzoni mwa kipindi hichohicho, kwa hiyo watu wanaoingia leo wanakutana na jina letu na lao pamoja.

Nilikirefusha kidogo, ili msikilizaji apate mtiririko. Kicheko peke yake kilikuwa kinaning'inia. Lakini jina sikutaja, nimesema "Mteja wa Namba Arobaini na Moja", na watu wamelipenda hilo, wananiandikia wanataka kujua kama na wao wanaweza kupewa namba.

Oda umeanza kuziona? Usizikatae. Tafuta mtu wa kukusaidia kushona soli.

Viatu vimenikaa kama nimezaliwa navyo. Nilikwenda navyo kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Baba yake mkali, macho kama ya askari wa getini, lakini aliponisindikiza akaniambia natembea kama mwanajeshi. Nilitaka kumkumbatia. Ahsante, dada yangu.

Mdogo wako


13 Februari

Kitoe hicho kipindi leo. Barua hii ikikufikia kabla ya saa sita, kitoe kabla ya saa saba.

"Ulikirefusha kidogo." Umerusha kaseti nzima. Nimeisikiliza jana kwenye simu ya kinyozi wa jirani nimesimama mlangoni kwake, na sikuweza kumaliza. Bi Kipaza anamwambia Mzee kwamba mama yake amemdanganya maisha yake yote, kwamba mguu ule alizaliwa nao. Anasema shangazi yake alimweleza akiwa anakata roho: alikuwa na miaka mitatu, mama akamfungia ndani akaenda harusini, yeye akapanda dirishani akaanguka, na kwa kumwogopa mume mama akakaa naye siku mbili bila kumpeleka hospitali. Halafu anasema, kwa sauti ileile ya kuita mabasi, "Mama hajui kama najua. Na hatajua. Nitakufa nalo." Na hapo ukaweka muziki.

Mama yake yuko hai. Wanaishi wote chumba na sebule nyuma ya stendi. Wajukuu ndio waliomwita, "Bibi, njoo umsikie mama kwenye simu." Akavuta kiti, akafurahi. Akasikiliza mpaka mwisho.

Kitoe.

Dada


20 Februari

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, naapa. Sikujua kama mama yake yuko hai. Ile kaseti ni ya miaka ishirini, na humo anamsema kama mtu mzee tayari. Ningejua ningeikata.

Kuhusu kukitoa, naomba unielewe. Mkataba unasema kipindi chenye tangazo lao kisiguswe hadi miezi minne iishe. Nikikitoa leo wanaondoka, na wakiondoka napaswa kuwarudishia kila kitu, na sehemu kubwa ndiyo ile cherehani mpya niliyokuagizia, ambayo nadhani sasa hivi unaitumia. Siyo kwamba sitaki. Nimefungwa.

Na ukiangalia vizuri, dada, hakuna jina. Hakuna mji. Hakuna kazi yake. Kuna namba tu. Kwenye duka letu ndivyo Mzee alivyowaficha watu miaka yote, na hakuna aliyewahi kulalamika. Nimefanya kama alivyofanya yeye.

Mwambie Bi Kipaza nampa pole nyingi. Na mama yake pia. Wazee husahau, pengine baada ya wiki mbili litapoa.

Oda zinaendaje?

Mdogo wako


2 Machi

Bwana Mdogo,

Umeniuliza oda zinaendaje, nakujibu. Zimejaa. Wanakuja vijana wazuri wenye miguu mizima, wanataka viatu "vya Mzee" wapige navyo picha. Wanakaa kwenye kiti cha kupimia kwa zamu, mmoja anakaa mwingine anapiga. Nawashonea. Cherehani yako inafanya kazi vizuri sana.

Wale wetu hawaji. Namba kumi na nane alipita dirishani akaangalia ndani, akaendelea. Namba thelathini na tatu alikuja, akakaa, akavua kiatu, halafu akaiangalia redio ya Mzee pale rafuni. Akaniuliza, "Hiyo inafanya kazi?" Nikamwambia betri zilikwisha zamani. Akasema sawa. Nikampima, na muda wote hakufungua mdomo. Mtu asipoongea mimi sijui kinapomuuma, Bwana Mdogo. Nilimtengenezea kiatu cha kubahatisha. Alimtuma mtu akirudishe, yeye hakuja.

Na Bi Kipaza. Mama yake hajasahau kama unavyomwombea. Siku tano mfululizo alikuwa anaamka kabla ya binti yake, anakaa sakafuni na vile viatu mapajani, anataka kumvalisha. Mtu wa miaka themanini na ushee anampigia mwanawe magoti, anashika ule mguu mfupi na kuulilia. Bi Kipaza anasema alimwomba, alimkaripia, alimdanganya kwamba kwenye kaseti ile alikuwa anatania. Mama akamwambia, "Sauti yako naijua ukiwa unatania." Siku ya sita akafunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kukaa kwa binti yake mwingine, mbali huko. Simu hapokei. Miaka arobaini wameishi wote chini ya paa moja.

Alikuja kunieleza hayo mwenyewe. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alisema tu, "Nilidhani ni kicheko, mwanangu." Mimi ndiye niliyekwenda kwenye kibanda chake na tabasamu langu, siyo wewe, na hilo nitalibeba mimi.

Unasema ulificha jina. Nilikaa na neno hilo siku nzima. Ni kweli Mzee hakuwahi kuandika jina. Ila kaseti ilikuwa inakaa kwenye kasha, na kasha lilikuwa chini ya meza yake, na yeye alikuwa amekaa mbele ya meza. Huo ndio ufichaji, siyo namba. Hata hivyo ningeweza kukusamehe kwa kusema hukufikiria, mimi mwenyewe niliamini namba inatosha. Isipokuwa kwa jambo moja. Wewe ulisoma shule iliyopakana na stendi miaka saba. Ulikuwa unaigiza sauti ya Bi Kipaza mezani mpaka marehemu Mama anamwaga chai. Sauti ile uliijua tangu neno la kwanza. Na uliichagua kwa sababu uliijua, kwa sababu mji mzima ungeijua, ukasikilizwa.

Niambie nimekosea. Naomba uniambie nimekosea.

Dada


28 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kila nikiandika nachana.

Sawa, niliijua. Una haki ya kunichukia kidogo. Lakini sikuwaza ubaya. Niliwaza kwamba watu watasema, "Mungu wangu, ni yule mama," na watampenda zaidi. Na wamempenda, dada. Ungeona wanavyoandika. Kuna mwanamke mmoja amesema baada ya kusikiliza alimpigia mama yake simu baada ya miaka mitatu. Hilo nalo siyo kitu?

Nimepata wazo, naomba usilitupe kabla hujamaliza kusoma. Tufanye kipindi cha mapatano. Nije na vifaa, tumchukue Bi Kipaza twende naye kwa mama yake, wakae wote, waombane radhi mbele ya kinasa sauti, kwa heshima, bila haraka. Wadhamini nimewagusia, wamesema watalipa gari na hata zawadi kwa yule bibi. Kwa njia hiyo kilichoharibiwa na podikasti kitatengenezwa na podikasti. Watu wanapenda mwisho mwema, na wale wateja wetu waliokimbia wataona kwamba sisi ni watu wenye utu. Mwulize tu. Mwulize kama ulivyomwuliza mara ya kwanza.

Harusi yangu tumepanga mwezi wa saba. Mchumba wangu bado hajui habari ya mguu wangu, wala kwao hawajui. Nilitaka kumwambia mara mbili, nikaishia kuongelea kadi za harusi. Unajua watu walivyo, wataanza kuuliza kama watoto watarithi. Nakuomba, wakikupigia kujitambulisha, usije ukaponyokwa na neno.

Mdogo wako


19 Aprili

Bwana Mdogo,

Mapatano hayatakuwepo. Yule bibi amezikwa Jumanne.

Bi Kipaza alikuwa ameshakwenda kwake mara mbili. Mara ya kwanza mama alijifungia chumbani. Mara ya pili alimfungulia, akamwomba avue viatu, akauosha ule mguu kwenye beseni. Hakusema kitu. Bi Kipaza naye hakusema, anasema alidhani bado wana muda. Aliporudi stendi akapigiwa simu.

Nilikwenda kuzika. Watu walikuwa wengi, na nilisikia wawili nyuma yangu wakinong'ona, "Ndiye huyo aliyemfungia mtoto." Miaka themanini na ushee amezaa, amelea, amewafulia wajukuu nguo, na neno alilozikwa nalo ni hilo. Nilitaka kuzama ardhini. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu, na siijui niiweke wapi kwa sababu wewe ni mdogo wangu, nilikubeba mgongoni.

Juzi Bi Kipaza alikuja dukani. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu vyake vyote viwili, akaviweka juu ya meza ya kazi, akavipanga vizuri. Nikamwambia soli bado nzima. Akasema, "Najua. Nimfiche nani sasa?" Akatoa kandambili kwenye mkoba akazivaa, akatoka hivyo, anachechemea katikati ya barabara mchana kweupe. Wanaomjua walisimama. Hakugeuka. Bado anatangaza mabasi, anataja jina na saa tu, utani hamna tena.

Kwenye kifurushi hiki kuna kaseti. Hukuikuta kwenye kasha kwa sababu sikuiweka humo, Mzee alinipa mkononi akaniambia niitunze. Ni namba moja. Kabla yake Mzee alikuwa anashona viatu vya kawaida tu kama mafundi wengine, na redio ilikuwa ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni mtoto wa miaka mitano aliyetoka kwenye homa na mguu umenyauka, analia hataki kwenda shule. Anamwuliza, "Baba, watu watajua?" Na Mzee anamjibu. Sikuandikii alichojibu, utasikia mwenyewe. Duka lote lilianzia kwenye jibu hilo.

Ni nzuri kuliko ya arobaini na moja. Inamshika mtu. Wadhamini wataipenda, na mwenye sauti yuko hai, anaweza kutoa ruhusa. Ukiwa na ubavu, irushe, kabla ya harusi.

Dada


6 Juni

Dada,

Shikamoo. Mzigo ulifika.

Kipindi cha nne nimekitoa. Mkataba uliisha wiki hii. Wadhamini wametaka tuendelee nikawaambia nitafikiri. Nina kikohozi kisichoisha, sijaweza kurekodi kipya.

Harusi ni tarehe kumi na tisa mwezi ujao. Naomba jozi moja nyeusi, ngozi laini, ya kung'aa kiasi. Kutakuwa na kusimama muda mrefu na baadaye kucheza, na baba yake atakuwa amekaa mbele kabisa. Vipimo ni vilevile, ila nyonga imeanza tena, kwa hiyo angalia unene. Kabari iwe ndani.

Kadi yako nimeiambatanisha. Najua hutakuja, lakini nimeiandika kwa mkono wangu.

Mdogo wako


21 Juni

Bwana Mdogo,

Marahaba.

Umesema umekitoa. Vijana wa stendi wanacho kwenye simu zao, wanakicheza basi likichelewa. Namba moja hukuirusha. Nilijua hutairusha. Nilitaka na wewe ujue.

Viatu ni hivi. Kalibu yako, ule mguu wa mbao wa kushonea, niliikuta juu kabisa rafuni, ile ya kwanza ya mtoto na hii ya mkubwa, Mzee alizifunga pamoja kwa uzi. Viatu nimevishona kwa mkono vyote, cherehani yako sikuigusa. Nilikaa siku mbili na shetani wangu, nikiwaza niitoe kabari nje, niishone chini ya soli hadharani, ukafungue mzigo asubuhi ya harusi wakati muda wa kubadilisha haupo. Ngozi nilishaikata hivyo. Halafu nikaitupa nikakata nyingine. Siyo kwa ajili yako. Nimebakiwa na wateja saba wanaoniamini na sitaki mkono wangu uijue kazi hiyo.

Kabari iko ndani. Nimeitengeneza kwa vipande vitatu vya ngozi badala ya gome la vizibo vya chupa, nyonga itapata nafuu. Simama wima, cheza, geuka mbele ya baba mkwe utakavyo. Wakinipigia wa kwao nitawaambia wewe ni mzima, hujawahi kuumwa hata mafua. Vipimo vyako vipo kwenye daftari langu na mimi nimekaa mbele ya daftari.

Lile kasha lirudishe kwa basi, kaseti zote, na hiyo ya kwako. Nitazihesabu. Baada ya hapo usiniandikie mpaka viatu hivi viishe.

Swali ulilomwuliza Mzee ukiwa na miaka mitano, nakujibu mimi kwa maneno yake, maana kwenye hili duka jibu halijabadilika: hakuna atakayejua.

Fundi